Utupu wa Kiroho: Tafuta Chanzo Kabla ya Kuongeza Maombi

Katika huduma yangu ya ushauri wa kichungaji, nawapokea waumini wanaosali na kusoma Neno kila siku ilhali mioyoni mwao hawahisi chochote, nao huuliza kama Mungu amewaacha. Wengi wamekwisha kuambiwa waongeze kufunga na kukesha. Wameongeza, na ukavu umebaki palepale. Hilo hunisikitisha sana, kwa kuwa shauri limetolewa kabla chanzo hakijajulikana.

Ignatius wa Loyola, padri Mkatoliki mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, aliyefariki mwaka 1556, alitaja vyanzo vitatu vya ukavu huo: uzembe wetu katika ibada, kupimwa kama tutamtumikia Mungu pasipo malipo ya faraja, na kufundishwa kwamba faraja ni zawadi ambayo hatuwezi kujipatia wenyewe. Ni uzembe peke yake unaodai toba, na bado tunawahimiza wote watubu.

Mimi huuangalia mwili pia. Katika 1 Wafalme 19, Eliya aliomba afe chini ya mti wa mretemu, lakini malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena, na ndipo nabii akapata nguvu za kwenda siku 40, mchana na usiku, hadi mlima Horebu. Ndiyo maana huuliza habari za usingizi kabla ya habari za maombi. Aliyepoteza hamu ya chakula, ya kazi na ya kukaa na watu kwa wiki kadhaa namsihi amwone daktari, maana huenda ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na kutibiwa si upungufu wa imani.

Asiye mgonjwa, wala hana dhambi anayoificha, namwomba asivunje maamuzi aliyoyafanya wakati wa faraja: asiache ushirika, asihame kanisa, asijitoe katika huduma kwa sababu ya ukavu tu. Akikosa maneno, asome Zaburi ya 88 kwa sauti. Zaburi nyingi za maombolezo hugeuka kuwa sifa kabla ya kwisha, ila hii huishia gizani, na hata hivyo imo katika Maandiko, ikielekezwa kwa Mungu yuleyule anayelalamikiwa kwamba ameficha uso wake. Anayeisoma hahitaji kujilazimisha kushangilia. Aisome mpaka mwisho, aseme amina, na kesho yake aje tena kusali saa ileile.