Kwa nini wapiga picha za nyota hufungua kamera nzima na kung'oa kioo chake?

Katikati ya Januari, kuelekea saa tano usiku, Nebula ya Orion, wingu kubwa la gesi angani, huwa karibu utosini kwa mtu aliye Nairobi. Ipige kwa kamera ya kawaida, lenzi ikae wazi sekunde nyingi: itatoka kijivu chenye uwaridi kidogo. Kamera ya aina hiyohiyo iliyobadilishwa ndani itaileta nyekundu kama kaa la moto. Kinachozitofautisha ni kioo kimoja chembamba.

Wingu lile ni la hidrojeni. Nyota changa zilizomo huipiga kwa miale ya urujuanimno mpaka atomi zikapokonywa elektroni. Elektroni zikirudi, zile zinazoshuka kutoka ngazi ya nishati ya tatu hadi ya pili hutoa mwanga mwekundu wa nanomita 656.3. Silikoni ya kihisi, sehemu ya kamera inayopokea mwanga, huuona vizuri. Huona hata infraredi, ambayo jicho letu haliioni, hadi karibu nanomita 1,100, na hapo ndipo kiwanda kinapoingilia kati: infraredi ikipita, rangi za ngozi na majani huharibika. Kwa hiyo mbele ya kihisi huwekwa kichujio, ndicho kile kioo chembamba. Bahati mbaya, kichujio hicho huanza kubana mapema, na katika kamera nyingi mwanga wa hidrojeni hupita robo tu au pungufu. Picha za harusi hazipungukiwi kitu. Anga ndiyo inayodhulumiwa.

Canon ilitoa kamera ya 20Da mwaka 2005, na Nikon D810A mwaka 2015, zote kwa ajili ya nyota. Wengi hawakuzimudu, wakachukua kamera kuukuu na bisibisi ndogo.

Kazi yenyewe inataka utulivu. Cha kuogopa kwanza ni kapasita ya flashi, kifaa kinachohifadhi umeme wake, ambayo huweza kubaki na takriban volti 300 hata betri ikishatolewa. Asiyejua kuitoa chaji asifungue. Halafu kuna jambo ambalo wengi hulisahau: kioo, kwa unene wake, husogeza nyuma mahali picha inapokolea, kiasi cha theluthi moja ya unene huo. Ukikiondoa bila kuweka kingine kinacholingana nacho, utakachokiona kikiwa wazi kwenye kitazamio kitatoka na ukungu pichani. Mimi naona bora kuweka kichujio kinachopitisha nanomita 656 lakini kikazuia infraredi, kwa sababu lenzi nyingi hazikutanishi infraredi mahali pamoja na mwanga wa kawaida, na nyota huvimba. Baada ya hapo picha za mchana hutoka nyekundu, mpaka urekebishe mizani ya weupe kwa karatasi nyeupe.

Tena si kila kitu angani kinadai upasuaji huu. Kilimia, nyota ambazo wakulima walizitazama kujua msimu, zimezungukwa na vumbi linaloakisi mwanga wao wa buluu, na kichujio cha kiwandani huupitisha. Kama kamera yako ni moja tu, anza na hizo.