Kabla ya kujaza gesi ya AC, uliza ile ya mwanzo imekwenda wapi

Joto la Dar es Salaam likipamba moto, kati ya Desemba na Machi, magari mengi yanaletwa kwenye karakana yetu ya mafunzo kwa ombi moja: "Nijazie gesi ya AC." Mwenye gari ameshatoa jibu kabla ya kipimo. Mimi ninayefundisha viyoyozi vya magari naomba tuanzie kwingine.

Gesi ya AC haiungui kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Kompresa inaikandamiza, kondensa iliyo mbele ya rejeta inaipoza mpaka inakuwa kimiminika, kisha inapita kwenye vali nyembamba na kuvukia ndani ya evaporeta, nyuma ya dashibodi. Hapo ndipo inapofyonza joto la ndani ya gari. Kwa hiyo ikiisha ndani ya miezi miwili, kuna mahali inavuja, na ukijaza bila kuziba umenunua baridi ya muda tu.

Dereva mwenyewe anaweza kugundua mengi. Ukikimbia Barabara ya Morogoro inapoza vizuri, ukikwama kwenye foleni inapuliza joto? Shuku feni ya kondensa kwanza. Gari likisimama, upepo wa kupoza kondensa unategemea feni hiyo peke yake. Pengine feni imekufa, relei (swichi ya umeme inayoiwasha) imeungua, au kondensa imezibwa na vumbi na wadudu. Ioshe kwa maji ya presha ndogo, maana vibati vyake hupinda upesi.

Upepo ukitoka hafifu ingawa ni wa baridi, tazama filta ya hewa ya ndani, ambayo kwenye magari mengi iko nyuma ya droo ya dashibodi. Ukianza vizuri kisha ukafifia safarini, huenda evaporeta imeganda barafu. Zima AC, acha feni ipulize kwa dakika kadhaa. Upepo ukirudi, mweleze fundi hivyo hivyo, utamrahisishia kazi.

Baridi ikikosekana kabisa, fungua boneti injini ikiwa inaunguruma, mtu mwingine awashe AC. Kompresa yenye klachi hulia "tak", na sahani yake ya mbele huanza kuzunguka pamoja na puli. Kaa mbali na mkanda. Isipozunguka, inaweza kuwa fyuzi, relei, au gesi imepungua hadi swichi ya presha imeizuia kompresa isijiue. Angalia pia viungo vya mabomba: mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, hivyo penye vumbi lililolowa mafuta huenda ndipo panapovuja. Maji yanayodondoka chini ya gari yasikutishe, ni unyevu wa hewa tu.

Kwa fundi, dai geji mbili za kupima presha. Kwa gesi ya R134a, upande wa presha ndogo husoma takriban psi 25 hadi 45, na wa presha kubwa 150 hadi 250, ukipanda zaidi kukiwa na joto kali. Pande zote zikiwa chini, gesi ni kidogo. Zote zikiwa juu, gesi imezidi au kondensa haipozwi. Upande mdogo ukiwa juu na mkubwa chini, mara nyingi kompresa imechoka. Tazama mwenyewe: katika hali hizi mbili za mwisho, kuongeza gesi ni kuharibu.

Uvujaji utafutwe kwa naitrojeni, kamwe si kwa oksijeni, ambayo ikikutana na mafuta chini ya presha inaweza kulipuka. Baada ya kuziba, mfumo unyonywe hewa na unyevu kwa vakyumu, walau nusu saa, ndipo gesi ipimwe kwa mizani. Kiasi chake kimeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Hata kwenye gari la Japani, maandishi "HFC134a", yaani hiyo hiyo R134a, na idadi ya gramu yanasomeka.

Asikutilie mtu gesi ya kupikia. Inapoza, lakini evaporeta ikivuja, gesi inayowaka inajaa mlipokaa na watoto wenu. Na kama gari lako ni haibridi yenye kompresa ya umeme, nyaya za rangi ya chungwa zisiguswe na asiyesomea, wala isiwekwe mafuta ya kompresa za kawaida: yanadhoofisha kinga ya umeme ndani yake.

Ukilipa, omba uandikiwe kwenye risiti gramu zilizoingia na mahali palipozibwa.