Nepi za kitambaa na poti kwenye nchi ya baridi

Kipupwe kikishaingia huku Mbeya, kuanzia Juni mpaka Agosti, kina mama wanaoleta vichanga kliniki huniuliza swali lilelile: nesi, hizi nepi nizikaushe vipi? Kufua wanajua. Kinachowashinda ni jua linalochomoza vizuri saa nne, likamezwa na wingu saa nane, na ikifika saa kumi na moja umande umeanza kushuka huku nepi za jana bado mbichi kwenye kamba. Wengi hukata tamaa hapo na kuhamia pampasi mchana na usiku. Kisha pesa inabana, na mtoto anashindishwa na pampasi moja tangu asubuhi hadi jioni. Hilo la kumshindisha mtoto ndilo lililonisukuma kuandika.

Sizipigi vita pampasi. Usiku wa Julai, au safari ya basi kutoka Songea, mvalishe mtoto pampasi na roho itulie. Lakini mchana, mkiwa nyumbani, nepi za kitambaa zinawezekana hata Makete kwenye baridi kali, ilimradi suala la kukausha umelipanga kabla ya kujifungua. Na wazazi wengi hawajaambiwa kwamba nepi na poti ni kazi moja. Nepi ya kitambaa ikilowa, mtoto anajua na mama anajua. Pampasi ina chembechembe zinazofyonza mkojo na kuugeuza utelezi mzito, ngozi inabaki kavu, na hakuna anayejua kilichotokea.

Kujua huko kuna faida tangu wiki ya kwanza. Kuanzia siku ya tano au ya sita, kichanga anayenyonya vizuri analowesha nepi sita au zaidi kwa saa 24, na mkojo wake una rangi hafifu. Nepi zikipungua, au mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, huenda maziwa hayamtoshi, njoo kliniki tuangalie anavyonyonya. Mama wa nepi za kitambaa hunijibu hapohapo nikimuuliza mtoto amekojoa mara ngapi. Mama wa pampasi hulazimika kukisia uzito wake mkononi.

Basi tuanze na idadi. Kichanga anaweza kukojoa hata mara 20 kwa siku, kidogo kidogo, na nepi za siku moja hufika kumi au kumi na mbili kwa urahisi. Iringa mjini kuna upepo na jua hata wakati wa kipupwe. Ukifua asubuhi unaanua jioni, na dazeni mbili zinakutosha. Tukuyu mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na Njombe ukungu unaweza kukaa mpaka saa tano. Huko hesabu siku mbili za kukauka na moja ya kuvaa, yaani dazeni tatu. Ushauri wa dazeni moja ulioupata kwa shangazi yako wa Dar es Salaam ni wa Dar es Salaam.

Halafu kitambaa chenyewe. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu dukani mama huvutiwa na nepi nene zilizoshonwa matabaka. Nepi nene inanyonya sana, kweli, lakini tabaka la katikati halioni upepo, na kwa hali ya hewa yetu inaweza kukaa kambani siku mbili ikaanza kunuka uvundo. Unachotaka ni kitambaa cha pamba chembamba na kipana, unachokikunja wakati wa kumvalisha na kukikunjua chote wakati wa kuanika. Kanga kuukuu inafaa sana. Kanga mpya ina wanga, hainyonyi mpaka ifuliwe mara kadhaa. Mashuka ya pamba ya mitumba yale yenye manyoya laini, ukiyapata soko la Mwanjelwa kwa bei nzuri, kata miraba ya sentimita 70 kwa 70, pindia kingo, chemsha kabla ya kutumia. Na hizi nepi za kisasa za vifungo zenye mfuko wa kuingizia kitambaa, kama umepewa zawadi, chomoa kitambaa cha ndani ukianike peke yake.

Kuhusu cha kuvalisha juu ya nepi: zamani wengi walifunga mfuko wa plastiki kiunoni mwa mtoto. Mifuko hiyo ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na kwa mtoto sina majuto nayo hata kidogo, maana iliziba hewa, ikababua ngozi, na mtoto angeweza kujifunika nayo usoni akakosa pumzi. Tumia chupi laini ya nailoni yenye lastiki isiyobana. Kwa kichanga, kunja ukingo wa nepi uishie chini ya kitovu ili kitovu kibaki wazi na kikavu mpaka kianguke, na usikipake kitu chochote ambacho hukuelekezwa na mhudumu wa afya.

Kufua nitakusemea kwa ufupi. Kinyesi kinatupwa chooni. Bado nasikia mabibi wakisema kinyesi cha mtoto anayenyonya hakina madhara, kwa hiyo maji ya nepi yanamwagwa uani, karibu na bomba. Bibi zangu, shikamooni, lakini hapo hapana: kinyesi cha mtoto kina vidudu vya kuharisha kama cha mtu mzima. Maji hayo nayo yaende chooni, na mikono ioshwe kwa sabuni. Sabuni iwe kidogo, usuuze mpaka maji yawe meupe, kwa sababu sabuni iliyobaki kwenye nyuzi ndiyo inayomwasha mtoto na kuizuia nepi isinyonye. Dawa za kulainisha nguo hazifai kabisa kwenye nepi. Nepi chafu zisilale siku mbili kwenye ndoo ya maji, zinaanza kutoa harufu kali, na ndoo yenye maji ni hatari kwa mtoto mwingine anayetambaa. Ziweke kavu kwenye ndoo yenye mfuniko, ufue kila siku.

Sasa kukausha. Kamua kwa nguvu, ikiwezekana watu wawili, kila mmoja ashike ncha. Anika mahali pa juu penye upepo, kitambaa kimoja kimoja bila kukirudia juu ya kamba. Jua, hata hafifu, hufifisha madoa na kuua vidudu vingi. Ikifika saa kumi, anua hata zile zenye unyevu kidogo, umalizie kwa pasi au kwa kamba ya barazani chini ya paa. Ukingoja saa kumi na mbili umande unakurudisha nyuma. Jikoni kwenye kuni zinakauka pia, ila moshi unang'ang'ania kwenye kitambaa, na mtoto analala na moshi huo.

Na naomba hapa unisome taratibu. Usiingize jiko la mkaa chumbani ili kukausha nepi au kumpasha mtoto joto, milango na madirisha yakiwa yamefungwa. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, na huingia kwenye damu ikachukua nafasi ya oksijeni. Mtu huanza kuumwa kichwa, kichefuchefu, kisha usingizi, na kwenye usingizi huo haamki tena. Kichanga huathirika haraka kuliko mama yake. Huku kwetu kila msimu wa baridi ukifika naogopa jambo hili kuliko nimonia. Mkaa ambao hautoi moshi si salama. Moshi umekwisha lakini gesi ipo. Kama lazima utumie jiko, liwe nje au barazani, nepi zining'inie mbali na cheche, na mtoto asiwepo. Bora umvalishe mtoto pampasi siku tatu mfululizo kuliko kukausha nepi kwa njia hiyo.

Mkaa una kazi yake kwenye pasi, na pasi yenyewe ijazwe moto na itumike nje. Pasi humalizia unyevu, na kwa ndugu zetu wa maeneo ya joto kama Kyela ina kazi nyingine. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa kivulini au kutandazwa chini. Funza wake hupenya ngozi ya mtoto na kutoa jipu. Joto la pasi, likipita vizuri kwenye pindo na mishono, huyaua mayai hayo.

Joto la kawaida la kichanga ni nyuzi 36.5 hadi 37.5 za Selsiasi. Chini ya hapo amepoa, na nepi mbichi humpoza haraka. Andaa nepi kavu kabla hujamfungua, mfute kwa maji ya uvuguvugu, mfunike kifuani na kichwani wakati unambadilisha. Ukigusa tumbo lake likawa la baridi, mweke kifuani kwako ngozi kwa ngozi, mfunike, na asipopata joto nenda kituoni. Vipele vya kawaida vya nepi hukaa pale kitambaa kinapogusa, na hupona ukimwacha wazi kidogo penye jua la asubuhi na kumpaka mafuta mazito yasiyo na manukato. Wekundu mkali ulioingia ndani ya mikunjo ya mapaja, na vidoa vyekundu pembeni, mara nyingi ni fangasi na unahitaji dawa. Poda achana nayo, vumbi lake huingia mapafuni.

Ukishakaa miezi kadhaa na nepi za kitambaa, unaanza kumjua mtoto. Anaamka, dakika chache anakojoa. Ananyonya, anatulia ghafla, uso unakaza. Wapo mabibi wanaotumia ujuzi huo: wanamshika mtoto mapajani, miguu imepanuliwa, wanatoa sauti ya "shuuu", na mtoto anakojoa chini badala ya kwenye nepi. Kwa nyumba isiyo na jua la kutosha, kila kojo linalokwenda chini ni nepi moja isiyohitaji kukaushwa. Wala si hadithi za vijijini. Mwaka 1977, watafiti Marten na Rachel deVries waliandika kwenye jarida la madaktari wa watoto la Marekani kuhusu Wadigo wa pwani ya Kenya, ambao kina mama huanza kumshikisha mtoto wiki za mwanzo kabisa, na mtoto wa miezi mitano hivi tayari anakojoa kwa ishara hiyo. Miaka 15 kabla, mwaka 1962, daktari T. Berry Brazelton wa Marekani alikuwa amechapisha taarifa za watoto 1,170 ambao wazazi wao walishauriwa kumngoja mtoto aonyeshe yuko tayari. Hao walikauka mchana wakiwa na miezi 28 hivi kwa wastani.

Pande zote mbili ziliona sawa, kwa sababu zilitazama maisha tofauti. Njia ya Wadigo inataka mtu mmoja awe na mtoto kutwa nzima na amsome. Mwalimu au karani aliyejifungua mtoto mmoja anarudi kazini baada ya likizo ya siku 84, na mtoto anabaki na dada wa kazi mwenye sufuria jikoni na nguo kwenye beseni. Mama huyo simshauri kumshikisha kutwa. Amshikishe asubuhi akiamka na jioni akirudi, basi, na poti aingoje.

Mtoto akija kwa chanjo ya surua na rubela ya miezi 18 ndipo ninapoanza kuongea na mzazi kuhusu poti. Kuongea tu, wengi wanakuwa tayari kati ya miaka miwili na mitatu. Ninamuuliza: anakaa mkavu kwa muda wa saa mbili? Anaelewa ukimwambia lete kiatu? Anajificha nyuma ya mlango akitaka kwenda haja kubwa? Nepi ikilowa anaivuta? Majibu yakiwa ndiyo, chagua msimu. Ushauri wangu kwa Mbeya, Njombe na Iringa ni Oktoba na Novemba, miezi ya joto kabla mvua hazijakolea. Julai mtoto amevaa suruali mbili na soksi, baridi inamkojoza mara kwa mara, na plastiki ya poti ni barafu. Oktoba anavaa gauni au shati refu tu, akibanwa anakaa.

Poti iwe fupi kiasi kwamba nyayo zinakanyaga sakafu. Usimkalishe zaidi ya dakika tano. Baba, mama, bibi na dada mtumie neno moja, kama ni "susu" iwe susu kwa wote. Choo cha shimo mwache kwanza. Shimo linamtisha, na woga wake ni wa haki. Akijikojolea, mbadilishe bila kelele. Kumchapa kunamfundisha kuzuia haja, choo kinakuwa kigumu, akienda anaumia, na mkishafika hapo poti itawachukua miezi. Kama choo kimeshakuwa kigumu, mwongezee maji, papai na parachichi, na parachichi huku kwetu hatuna shida nalo.

Usiku ni jambo jingine. Mwili hupunguza mkojo wa usiku kwa homoni inayokomaa kwa wakati wake, na tabia ya kukojoa kitandani hurithiwa, kwa hiyo muulize bibi wa mtoto, baba yake alikojoa kitandani mpaka umri gani. Kabla ya miaka mitano hatuiiti ugonjwa. Mtandikie kitambaa kisichopitisha maji chini ya shuka, akojoe kabla ya kulala. Ila mtoto aliyekwisha kukaa mkavu miezi sita au zaidi, kisha akaanza tena kulowesha kitanda, na anakunywa maji sana au anakonda, mlete siku hiyohiyo apimwe sukari. Akilia anapokojoa au akiwa na homa, mlete apimwe mkojo.