Kwilti ya vipande vya kikundi: yanayosemwa na ukweli wake

Kwenye vikundi vyetu vya akina mama hapa Nyegezi, Mwanza, mwenzetu akijifungua kila mmoja anashona mraba wake wa vitenge nyumbani, halafu miraba inapelekwa kwa mtu mmoja aiunganishe iwe kwilti ya mtoto, yaani blanketi la matabaka matatu yaliyoshonwa pamoja, miraba juu, kitu laini katikati na kitambaa nyuma, na hapo ndio maneno yanaanza, huyu kasema hivi yule kasema vile, mwisho kazi nzuri ya watu inalala kabatini hadi mtoto anaanza kutembea. Inaniuma sana hii. Kwa hiyo tuongee.

Kubwa kuliko zote: eti miraba isipolingana basi imeharibika, irudishwe ikashonwe upya. Hapana jamani. Watu tisa hawawezi kushona sawa, mmoja kaacha robo inchi ya mshono kama mlivyokubaliana, mwingine kaacha nusu inchi maana ndivyo alivyozoea kwenye magauni. Hapo kila mshono unakula nusu inchi ya ziada, robo kwa kila kitambaa, na kama mraba una mishono miwili kwa upana basi ule uliotakiwa kuja na inchi 10 na nusu unakuja na 9 na nusu. Haujaharibika, ni mdogo tu. Piga pasi kwanza, kandamiza na kuinua, usiburute maana kuburuta kunavuta kitambaa, ndio upime. Mdogo uongezee mkanda pande zote nne halafu kata ulingane na wenzake, yaani unakaa kama picha kwenye fremu. Mkubwa usikimbilie kuukata, angalia kwanza kama dada wa watu hajatarizi jina la mtoto karibu na ukingo. Kisha weka mikanda ya inchi 2 ya rangi moja kati ya mraba na mraba, tofauti ndogo ndogo zinamezwa humo.

Mkanda wa pembeni nao, watu wanaushona tu mpaka kona halafu wanakata unaobaki. Ndio maana kingo zinakuja na mawimbi. Ukingo unavutika unapoushika-shika, kwa hiyo pima katikati ya kwilti, kata mikanda miwili kwa kipimo hicho, bana pini katikati na kwenye ncha, halafu ndio ushone.

Eti kitenge kinachochuja ukikiloweka kwenye chumvi au siki rangi inashika. Chumvi inasaidia wakati kitambaa kinatiwa rangi kule kiwandani, kikishatoka dukani haishikishi kitu. Loweka kila kitambaa peke yake kwenye maji baridi, rudia mpaka maji yatoke meupe, kinachogoma kuacha kuchuja kiweke pembeni, usije ukaharibu kazi ya wenzako kwa kitambaa kimoja. Na ufanye hivyo kabla ya kushona!

Halafu kuna hii ya kwetu kabisa: Kanda ya Ziwa ndiko inakolimwa sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania, kwa nini tununue cha kujazia, tuchukue pamba shambani. Naelewa, ila pamba ya shambani ina mbegu na takataka, mbegu zina mafuta yanayotia madoa, na hata ukiichambua vizuri, ikifuliwa inakusanyika mabonge kama hujaishona kwa mistari ya karibu karibu. Na joto letu hili la Mwanza mtoto hahitaji kitu kinene. Blanketi jepesi la zamani lililo safi, au fulanela, linatosha kuwa tabaka la kati.

Kitambaa cha nyuma kizidi kidogo kila upande, kama inchi 2. Kwilti ya inchi 40 kwa 40 inaenea kwenye kitenge cha upana wa inchi 45, nunua yadi moja na robo tu.

Wengine wanasema bila mashine maalum huwezi kushikiza matabaka matatu. Cherehani ya kukanyaga inaweza, anzia katikati kwenda nje na urefushe hatua ya mshono kidogo. Hutaki mashine? Funga mafundo ya uzi mzito kila baada ya inchi 4 hivi, fundo mbili za kukaza, ni njia ya zamani na inadumu, ila ya mtoto kata ncha za uzi ziwe fupi. Pini za kushikizia zihesabu wakati wa kuweka na wakati wa kutoa, idadi isipolingana usimpe mama kwilti.

La mwisho ni biasi, ule mkanda unaokatwa mshazari wa kufunika ukingo, eti bila huo kwilti haimaliziki. Kwa kingo zilizonyooka haihitajiki, biasi ni ya kingo za mviringo. Kata mikanda mitano iliyonyooka ya inchi 2 na nusu, iunganishe, ikunje katikati kwa urefu, shona mbele kwa cherehani, ukifika kona simama robo inchi kabla ya ukingo, kunja mkanda juu kisha chini ndio uendelee. Nyuma malizia kwa mkono, mishono midogo midogo, ya cherehani ukiharakisha inakosa mkanda upande wa pili na unaanza kufumuka kwilti ikishafuliwa mara mbili tatu.