Mchezaji teule wa softiboli anaruhusiwa kuvaa glavu

Kwenye viwanja vya shule hapa Nairobi, wengi huamini kwamba mchezaji teule wa softiboli, yaani yule anayepiga badala ya mwenzake, kazi yake ni kupiga tu. Akivaa glavu, timu imevunja sheria. Imani hii inaeleweka, kwani katika besiboli mpigaji teule akiingia kulinda, yaani kudaka mipira uwanjani, timu hupoteza haki ya kuwa na mpigaji teule.

Softiboli ni tofauti. Teule anaweza kulinda nafasi yoyote. Akilinda badala ya fleksi, yaani yule wa 10 kwenye orodha ambaye kwa kawaida hapigi, fleksi huhesabiwa ametoka mchezoni. Akimpumzisha mlinzi mwingine, huyo huendelea kupiga kama kawaida (hapa ndipo kelele huanza).

Na aliyeanza mchezo akitolewa? Anaweza kurudi mara moja tu, kwenye zamu yake ileile ya kupiga. Mkibishana, someni kitabu cha sheria cha mashindano yenyewe, kisha mlinganishe na orodha aliyo nayo mwamuzi.