Likisimama ndipo upishe: sheria ya Marekani inayowaponza madereva wetu

Ndugu zetu wanaoanza kuendesha Marekani, hasa wa malori, wanaijua vizuri sheria ya king'ora: ukikisikia, pisha. Ya pili, ya kupisha gari la dharura lililosimama barabarani, ndiyo inayowaponza. Haya ndiyo wanayoyasema.

"Ambulensi ikishasimama hainihusu." Inakuhusu zaidi, maana waliokuwa ndani sasa wako barabarani kwa miguu. Mwaka 1994 huko South Carolina, mhudumu wa dharura James Garcia aligongwa akiwa kwenye ajali, na uchunguzi ukamwona yeye ndiye mwenye makosa. Hakukubali, akapigania sheria ya kuwalinda wahudumu. Mwaka 1996 jimbo hilo likapitisha sheria ya kwanza ya kupisha magari ya dharura yaliyosimama. Vibao vyake husomeka Move Over, yaani sogea upishe. Hawaii ilifunga orodha mwaka 2012, na leo hakuna jimbo lisilo nayo.

"Lazima uhame leni, iwe isiwe." Hapa naomba tusikilizane, maana kosa hili linafanywa na watu wenye nia njema. Unahama pale tu leni ya jirani ikiwa wazi. Kama kuna gari, usilivamie: baki ulipo, punguza mwendo. Texas na Florida, kwenye barabara kuu, unashuka maili 20 kwa saa chini ya mwendo ulioandikwa kwenye kibao. Michigan na Indiana ni 10. Kwa mwendo wa maili 60, gari linakata kama mita 27 kila sekunde, kwa hiyo usingoje mpaka umwone askari. Ukiona taa zinamweka kwa mbali, tazama vioo, washa indiketa. Wapo pia wanaofunga breki na kusimama kabisa, wakidhani ndiyo heshima. Jamani, lori lililo nyuma yako litapita wapi?

"Faini yenyewe ndogo." Illinois sheria hii ina jina la Scott Gillen, luteni wa zimamoto wa Chicago aliyegongwa na kufa Desemba 2000 akihudumia ajali. Kosa la kwanza huanzia dola 250 na laweza kufika 10,000.

"Ni ya polisi na zimamoto tu." Magari ya kuvuta mabovu yamo pia katika majimbo mengi. Illinois, na Florida tangu 2024, hupishwa hata gari la raia lililoharibika likawasha taa za hatari. Likiwa ni lako, shukia upande usiopita magari, uvuke kingo za chuma, ungojee huko.