Pampu ikikata, acha: dhana potofu kuhusu kujaza tenki pomoni

Upo ujumbe wa WhatsApp ambao hauzeeki. Unasema joto limezidi, kwa hiyo usijaze tenki la gari, weka nusu tu, la sivyo litalipuka. Mara nyingi hutajwa kampuni ya Indian Oil ya India kuwa ndiyo iliyotoa onyo hilo, na hudaiwa kwamba magari kadhaa yameshateketea wiki hiyohiyo. Indian Oil yenyewe ilikana hadharani. Ilieleza kuwa kujaza mafuta hadi kiwango alichoweka mtengenezaji wa gari ni salama, iwe kiangazi au wakati wa baridi.

Ukisimama robo saa kwenye sheli yoyote ya Dar es Salaam au Mombasa, utaona kosa letu liko upande mwingine kabisa. Pampu inakata, dereva anasema "ongeza, funga hesabu," mhudumu anabonyeza tena na tena, na pengine mtu anatikisa gari kwa mgongo ili hewa ipande na mafuta yashuke. Mpaka petroli inachungulia kwenye shingo ya tenki. Mtu huyohuyo huenda asubuhi yake alisambaza ule ujumbe wa kuogopa jua.

Dhana: Tenki lililojaa hulipuliwa na jua.

Petroli haiwaki yenyewe kwa sababu ya joto la mchana. Ili iwake bila cheche wala moto, inahitaji joto la zaidi ya nyuzi 240 za Selsiasi, na gari lililoegeshwa juani hata Januari pale Kariakoo haliko karibu na hapo. Tena kinachoshika moto ni mvuke wa petroli ukichanganyika na hewa kwa kiasi maalumu: takriban asilimia 1.4 hadi 7.6 ya mvuke. Chini ya hapo mvuke ni mchache mno, juu ya hapo hewa ni chache mno. Ndani ya tenki lililofungwa, kwenye joto letu la kawaida, mvuke huwa mwingi kupita kiwango hicho cha juu.

Kujaza nusu kwa kuogopa mlipuko hakukukingi na lolote. Kuna wanaozidisha na kutembea siku zote taa ya akiba ikiwaka. Hao wanaiumiza pampu ya petroli, ambayo kwenye magari mengi ya sasa imo ndani ya tenki na hupozwa na mafuta yanayoizunguka.

Dhana: Pampu ikikata bado kuna nafasi, na nafasi hiyo ni yangu.

Hapa ndipo penye madhara mengi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwenye ncha ya mkono wa pampu kuna tundu dogo. Mafuta yanapopita, hewa huvutwa kupitia tundu hilo. Mafuta yakipanda kwenye shingo ya tenki na kuliziba, mvuto wa hewa hubadilika ghafla, kiwambo kilichomo ndani ya mkono hujivuta na kuachia kifyatuo: tak! Hakuna umeme wala kompyuta inayokisia. Ule mlio ni taarifa kwamba mafuta yamefika pale ncha ilipo.

Nafasi inayobaki juu imeachwa kwa makusudi, kwa sababu petroli hutanuka. Kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, ujazo wake hukua kwa karibu sehemu moja katika elfu. Mafuta yanatoka kwenye tangi la chini ya ardhi yakiwa na ubaridi kiasi, unaegesha kwenye lami juani, yanapata joto la nyuzi 20 zaidi. Lita 50 zinakuwa karibu lita 51. Hiyo lita ya ziada lazima ipate pa kwenda, na wewe umeshaziba pa kwenda.

Inakokwenda, kwenye gari la petroli la kisasa, ni kwenye kifaa ambacho wenye magari wengi hawajawahi kukisikia. Mafundi wanakiita kanista. Ni kopo lenye mkaa maalumu, lililounganishwa na tenki kwa mpira. Kazi yake ni kunasa mvuke wa petroli usitoke hewani, kisha injini ikiwaka, valvu hufunguka na mvuke ule huvutwa ukachomwe pamoja na mafuta mengine. Marekani walianza kulazimisha mifumo ya kuzuia mvuke mwanzoni mwa miaka ya 1970, na magari ya Kijapani yaliyotumika ambayo tunaagiza kwa wingi Tanzania na Kenya yanakuja nayo. Mkaa huo umetengenezwa kupokea mvuke. Ukiulazimisha kumeza petroli ya maji unalowa, uwezo wake unakufa, na wakati mwingine unamomonyoka, vumbi lake likaenda kukwamisha valvu.

Dalili zake huwapotezea watu pesa nyingi. Gari linakuwa gumu kuwaka mara tu baada ya kujaza mafuta, kisha baadaye linawaka vizuri. Harufu ya petroli inaingia ndani. Taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Pampu za sheli zinaanza kukata mapema kila ukijaza, kwa sababu hewa ya tenki haina pa kutokea. Mwenye gari anabadilishiwa plagi, kisha pampu ya mafuta, kisha anaambiwa amewekewa mafuta mabaya. Kama dalili zinakuja kila baada ya kujaza, mwambie fundi aanze na kanista na valvu yake. Idara ya mazingira ya Marekani, EPA, imekuwa ikiwaambia madereva jambo hilohilo kwa miaka mingi: pampu ikikata, usiongeze.

Kutikisa gari ni kosa lilelile kwa nguvu zaidi. Zile hewa unazozitoa ndizo zilizowekwa zibaki.

Niseme na haki ya upande wa pili. Kuna wakati pampu hukata mapema bila tenki kujaa: mafuta yanashuka kwa kasi, yanarudi nyuma na kugusa tundu. Dizeli hasa hutoa povu, na povu linatosha kufyatua. Kama tenki lilikuwa karibu tupu na zimeingia lita 12 tu, kusubiri kidogo na kuendelea polepole ni sawa. Ila ukiendelea polepole na ikakata tena, hapo imejaa.

Dhana: Langu ni la dizeli, hayo hayanihusu.

Kweli, dizeli haitoi mvuke mwingi na gari la dizeli kwa kawaida halina kanista. Lakini nayo hutanuka, na inapovuja kutoka kwenye tenki la lori au basi lililojazwa hadi mdomoni, inamwagika kwenye kona na kwenye mzunguko wa barabara. Petroli ikimwagika hukauka upesi. Dizeli hubaki ikiteleza, na anayeanguka ni wa pikipiki aliyekuja nyuma.

Dhana: Kesho bei inapanda, kila tone nitakaloshindilia leo ni faida.

Kenya hutangaziwa bei mpya na mamlaka yake ya nishati, EPRA, tarehe 14 ya kila mwezi; Tanzania mamlaka yake, EWURA, hutangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kujaza kabla ya bei kupanda ni akili, silaumu. Lakini hesabu zile lita mbili za kushindilia peke yake. Bei ikipanda kwa shilingi 5 za Kenya, umeokoa shilingi 10. Ikipanda kwa shilingi 100 za Tanzania, umeokoa 200. Ukiegesha kwenye mteremko upande wa shingo ya tenki ukiwa chini, hata hizo zinaweza kuvuja usiku.

Kuhusu kujaza alfajiri ili upate mafuta mengi kwa bei ileile: matangi ya sheli yako chini ya ardhi, joto lake halibadiliki kiasi cha kuonekana kati ya asubuhi na mchana. Jaza saa unayotaka.

Dhana: Pikipiki tenki lake ni dogo, lijaze hadi mdomoni ndiyo litoshe siku nzima.

Hili linanisumbua kuliko yote, kwa sababu ya jinsi linavyofanyika. Bodaboda ameketi, mguu mmoja chini, kifuniko mkononi, pengine abiria bado yuko nyuma. Tenki ni fupi, hivyo mhudumu hawezi kuzamisha mkono wa pampu; anauning'iniza juu ya tundu na kutazama kwa macho. Hapo kile kifyatuo hakifanyi kazi, kwa kuwa mafuta hayajafika kwenye ncha. Kinachozuia kumwagika ni umakini wa mtu aliyechoka, mwenye foleni ya pikipiki kumi nyuma.

Petroli ikizidi, inamwagikia injini iliyotoka kuzimwa na bomba la moshi ambalo bado linaunguza, karibu na waya wa plagi na katikati ya miguu ya mtu. Hata isipomwagika pale pale, tenki la lita 12 likipata joto la nyuzi 20 zaidi hutanua mafuta kwa karibu robo lita, na njia ya kutokea ni kitundu cha kupumulia kilichopo kwenye kifuniko.

Kiwango sahihi ni ukingo wa chini wa shingo ya tenki, ndani, siyo juu ya mdomo. Shuka, mteremshe abiria, zima injini, simamisha pikipiki. Yakimwagika, futa na ngoja yakauke, na uisukume hatua kadhaa kabla ya kuiwasha.

Dhana: Yakimwagika kidogo si neno, yanakauka.

Yanakauka kwa kugeuka mvuke, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupai. Unatambaa chini, unaingia kwenye mifereji na chini ya magari, na petroli hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse Tanga. Tanzania tunajua petroli iliyomwagika hufanya nini: Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka, petroli ikashika moto, zaidi ya watu 100 walikufa. Lile lilikuwa lori zima, na tone la kwenye sheli si lori, lakini mafuta ni yaleyale na cheche ni ileile.

Kisha kuna mhudumu. Wewe unapita dakika tano, yeye yupo zamu nzima, mara nyingi bila glavu wala kinga ya pua. Petroli ina benzini, kemikali ambayo IARC, taasisi ya Shirika la Afya Duniani inayochunguza saratani, imeiweka kwenye kundi la zile zilizothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya damu. Kila unapomwambia aongeze baada ya pampu kukata, anainama kuchungulia shingo ya tenki, na mvuke unaosukumwa nje unampata usoni. Mikono yake inalowa, nguo zinalowa, anarudi nazo nyumbani kwa watoto. Dada au kaka huyo hatakukatalia kwa sababu wewe ni mteja. Kwa hiyo ni juu yako kusema, "Ikikata, acha hapo hapo."

Dhana: Tenki langu ni la lita 45 na limepokea 47, pampu hii inaiba.

Huenda haiibi. Lita zinazoandikwa kwenye kitabu cha gari ni kiwango cha kujaza alichokusudia mtengenezaji. Hazihesabu ile nafasi ya kutanukia wala shingo ya tenki. Ukishindilia, namba ya kitabuni inapitwa, na unakuwa umejipa mwenyewe ushahidi wa wizi ambao haukutokea. Wizi wa vipimo upo, na njia ya kuubaini ni nyingine: Tanzania angalia stika ya Wakala wa Vipimo kwenye pampu na mwaka wake, linganisha lita unazopata kwa umbali uleule kwenye sheli mbili tofauti, kila mara ukiishia pale pampu inapokata yenyewe. Tofauti ikijirudia, peleka taarifa kwa Wakala pamoja na risiti.